Kuizunguka Nchi kwa Tiketi ya Sinema

Ndugu msomaji, ipo njia ya kuizunguka Tanzania pasipo kubanana katika basi wala kukesha kituoni ukingoja treni. Njia hiyo ni sinema. Tangu kabla ya Uhuru, watengenezaji filamu kutoka Marekani, Italia, Austria na kwingineko wamezileta kamera zao Arusha, Kigoma, Mwanza na Unguja, wakapiga picha walizozitaka, kisha wakarudi makwao. Baadaye wananchi wenyewe nao wakaishika kamera. Matokeo yake ni mkusanyiko wa filamu za kila namna: za wanyama, za vita, za mashtaka, za mapenzi, na moja mbili ambazo hata mwenye kuzitengeneza hakujua aziite nini.

Juma hili tuzipitie baadhi yake kwa kufuata njia ya msafiri. Tutaanzia Arusha, tuvuke hadi Mwanza, tuteremke kwa reli hadi Kigoma, kisha turudi pwani kwa Reli ya Kati na kupanda boti ya kwenda Unguja. Katika kila kituo nitasema filamu ipi imetoka pale na mimi naionaje. Kipimo changu ni kimoja, nacho si kigumu. Nauliza: mwenyeji wa mahali pale amepewa jina katika filamu hiyo? Anasema neno lake mwenyewe, au amesimama tu nyuma ya wageni kama mgunga?

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, ukifika Usa River ukakata kushoto, njia inapanda taratibu hadi Momella, mahali penye vijiziwa vya magadi vyenye heroe wengi, Mlima Meru ukiwa upande mmoja na Kilimanjaro ikijitokeza mbali upande wa pili mawingu yakipenda. Huko ndiko Mmarekani Howard Hawks alikopiga sehemu kubwa ya filamu ya "Hatari!", iliyotolewa mwaka 1962. Kisa chake ni chepesi mno: kundi la wazungu wanakamata wanyama wa kuuzia bustani za wanyama za ng'ambo, na jioni wanakunywa, wanataniana na kupendana. Mchezaji mkuu ni John Wayne. Kwa zaidi ya saa mbili na nusu hakuna jambo kubwa linalotokea, na bado mtu hachoki. Sababu ni kwamba wanyama ni wa kweli na mbio ni za kweli. Wachezaji wenyewe wamekaa juu ya gari linaloruka mashimo, kifaru anakimbia ubavuni, vumbi linawafunika wote wawili, na mtazamaji anajikuta amekamata kiti. Watoto watafurahi zaidi kwa ndovu wachanga, ambao mtunzi Henry Mancini aliwatungia muziki wa kuchekesha wenye mwendo wao kabisa.

Kwa burudani, naisifu bila kusita. Lakini filamu hii ilipigwa Tanganyika ikiwa mlangoni mwa Uhuru, na mtu aliyeitazama London au Chicago hakupata hata dalili kwamba nchi ile ina watu wenye jambo lao. Wenyeji wanabeba kamba na kushika ngome za wanyama. Wakijitokeza kwa wingi, ni ili kumpamba mgeni wa kike na kumpa jina la Mama Tembo. Neno la Kiswahili limewekwa juu ya filamu nzima kwa herufi kubwa, ila wenye neno hilo hawana la kusema. Ajabu ni kwamba mmoja wa wachezaji, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba na kuishi huko miaka mingi. Pengine yeye aliyaona mengi ambayo kamera iliyapita.

Na kwa kuwa tumeitaja Kilimanjaro, niseme upesi kuhusu "The Snows of Kilimanjaro" ya mwaka 1952, aliyoicheza Gregory Peck kutokana na hadithi ya Hemingway. Aliyevutwa na jina asiharakishe. Mgonjwa amelala chini ya mlima akikumbuka Paris na Hispania, basi. Mlima wetu umetumika kama picha ya ukutani.

Kutoka Arusha hadi Mwanza ni safari ya kutwa nzima kwa basi, kupitia Singida na Shinyanga. Mji wa Mwanza unajitambulisha kwa majabali yake; nyumba zimepandana juu ya mawe, na ziwa linaonekana katikati ya paa na paa. Filamu iliyoutangaza mji huu duniani ni "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotolewa mwaka 2004. Hii si ya kubuni. Inaonyesha biashara ya sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wengine wengi na kuwa chanzo cha viwanda vya minofu. Ndege kubwa za mizigo zinatua zikiondoka na minofu kwenda Ulaya. Kwa wenyeji hubaki mapanki, yaani vichwa na mifupa, ambayo wanawake wanayaanika juani kwenye matope yenye mafunza. Tunawaona watoto wa mitaani wakigombea wali, na wasichana wanaowangoja marubani baani.

Hakuna filamu iliyopigwa katika nchi hii iliyoleta ugomvi kama huo. Ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa, ikateuliwa kushindania Oscar. Na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi. Huko Ufaransa nako wasomi waligombana juu yake hadi mahakamani. Katika ugomvi wa namna hiyo watu wengi walichagua upande kabla ya kuitazama. Mimi nadhani yafaa tuyatenganishe mambo mawili.

La kwanza ni silaha. Filamu inadokeza tena na tena kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu Mwanza huja na silaha. Tazama kwa makini, msomaji, uone ushahidi uko wapi. Rubani mmoja anaeleza kwa uchungu jinsi alivyowahi kupeleka zana za vita Angola, kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya. Ni maneno mazito, na nimeyakumbuka kwa muda mrefu. Lakini ni ya Angola. Kuhusu Mwanza hakuna sanduku linalofunguliwa mbele yetu. Mtengenezaji amelijaza pengo hilo kwa ngurumo za injini na giza la uwanja wa ndege, na hiyo ni hila ya filamu za kutisha. Shutuma ya namna ile haiwekwi mbele ya dunia kwa kudokeza. Tena amechagua kutoonyesha mji mwingine uliopo palepale: soko la dagaa Kirumba linalohemewa na watu wa mikoa mingi, na mfanyakazi wa kiwandani anayelipa karo ya mwanawe kwa mshahara wa minofu ile ile.

La pili ni mlinzi wa usiku. Yeye analinda taasisi ya utafiti wa samaki kwa upinde na mishale ya sumu, kwa ujira mdogo mno, akijua kwamba mwenzake aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake aliuawa. Anazungumza na kamera kwa utulivu, macho yakimeta gizani. Anasema kwamba wapo wanaotamani vita, kwa kuwa jeshini mtu hulishwa na kulipwa. Huyu bwana hakulazimishwa wala hakupambwa. Kwa kipimo changu, yeye ni mmoja wa watu wachache katika filamu za wageni kuhusu nchi yetu aliyepewa nafasi ya kufikiri kwa sauti. Waliokasirikia filamu walimkasirikia mgeni. Sijasikia wengi waliomjibu mlinzi. Itazameni, lakini watoto wakiwa wamelala.

Kutoka Mwanza reli inateremka hadi Tabora, na hapo msafiri wa Kigoma hubadili uelekeo kwenda magharibi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo la stesheni la Wajerumani lingali linaitazama bandari. Kwa mpenda sinema, bandari ile ina jambo lake: ndiyo nyumbani kwa meli ambayo watu wa Hollywood waliizamisha kwa uongo.

Filamu yenyewe ni "The African Queen" ya John Huston, ya mwaka 1951, iliyompatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, nayo inahusu Vita Kuu ya Kwanza. Mlevi mwenye kiboti kibovu na dada wa misheni, Katharine Hepburn, wanateremka mtoni ili wakaizamishe meli ya Wajerumani ziwani. Meli halisi iliyotia watu hamu ya hadithi hiyo iliitwa Graf von Götzen. Haikuzamishwa na wapenzi wawili wenye torpido za kujitengenezea. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokuwa wakikimbia, tena baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili zisioze. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Vizazi na vizazi vya wachuuzi wa dagaa na migebuka wamelala juu ya sitaha yake. Kweli hii, kwangu mimi, inaipita filamu.

Sisemi kwamba filamu ni mbaya. Wachezaji wale wawili wanagombana na kupatana kwa ufundi ambao wanandoa wengi watautambua, na tukio la ruba mtoni bado linasisimua mwili. Kasoro iko mwanzoni. Tunaonyeshwa wanakijiji kanisani wakiimba wimbo wasioufahamu, kelele tupu, ili mtazamaji wa Ulaya acheke. Kisha askari wa Kijerumani wanafika, wanachoma nyumba na kuwaswaga wanaume. Baada ya hapo hatuwaoni tena. Hakuna anayeuliza walipelekwa wapi. Walipelekwa upagazi, ndugu msomaji. Na katika vita vile vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, upande wa Waingereza na upande wa Wajerumani vilevile. Mababu wa baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu walikuwamo. Filamu ya safari yao haijapigwa.

Kigoma hiyo hiyo ilitembelewa na Mwitalia Pier Paolo Pasolini, mshairi na mtengenezaji filamu, ambaye kazi yake ilitolewa mwaka 1970. Alitaka kuuhamishia Afrika mchezo wa kale wa Kigiriki, "Oresteia" wa Aeschylus, kwa kuwa aliona nchi zilizopata uhuru karibuni zinafanana na Athens ya zamani iliyoacha kisasi na kuunda baraza la sheria. Filamu kamili hakuitengeneza. Alichotuachia ni kama daftari la maandalizi: anazunguka sokoni na vijijini na kamera, akimtafuta mtu mwenye uso wa mfalme Agamemnon, mwingine wa Orestes. Anafika hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kukiona kama hekalu la mungu Apollo.

Kwa mtu aliyezoea picha za mbio na risasi, hii itamchosha katika dakika kumi. Mimi iliniteka. Kigoma ya miaka ile imo mle: fundi cherehani barazani, wachuuzi, wasichana wanaocheka kwa kuona haya. Nyuso zote hizo, na hakuna mwenye sauti. Anayesema ni Pasolini peke yake. Ila amefanya jambo ambalo Hawks na Huston hawakulifanya. Aliichukua picha yake hadi Roma, akawaonyesha wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma huko, akawauliza maoni. Wakambishia. Mmoja alimkumbusha kwamba Afrika ni bara wala si nchi moja. Wengine hawakupenda neno "kabila" litumike ovyo. Naye, badala ya kuyakata maneno hayo, akayaacha ndani ya filamu. Heshima hiyo ni adimu.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, muda wa kutosha wa kutafakari jambo moja: kwa nini wakazi wa jiji hilo kwa miaka mingi waliijua Bombay kuliko Kigoma. Jibu liko katika majumba ya sinema yaliyokuwa mjini, Empire, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox na mengineyo, pamoja na ile sinema ya magari kwenye barabara ya zamani ya Bagamoyo, mahali uliposimama sasa ubalozi wa Marekani. Picha za Kihindi ndizo zilizojaza viti. "Awaara" ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa na watu wasiojua neno la Kihindi, nao wakaziimba nyimbo zake. Na "Mother India" ya mwaka 1957? Nargis anavuta jembe matopeni kwa bega lake, analea watoto katikati ya njaa na deni la mkopeshaji, na mwishowe anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kuilinda heshima ya kijiji. Ni ndefu, inalia kupita kiasi, na rangi zake zinawaka kama kanga mpya. Hata hivyo, mkulima wa Kihindi ana jina pale, ana deni lenye hesabu, ana neno la mwisho. Mwananchi wa Dar es Salaam alijiona humo kabla hajajiona katika filamu yoyote iliyopigwa kwao.

Baadaye majumba yakafungwa moja baada ya jingine na vibanda vya video vikashika nafasi. Humo wakatokea wafasiri kama Lufufu, waliosema Kiswahili juu ya maneno ya filamu za kigeni, wakiongeza utani na mafunzo yao. Wasomi wengine waliwadharau. Mimi nawahesabu miongoni mwa waandishi wa nchi hii.

Filamu zilizofuata za Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, na za wenzake zilitupa majina na lugha yetu, kwa hiyo zinapita mtihani wangu. Tatizo lake ni kwamba nyingi hazitoki sebuleni. Sofa, pazia, simu, ugomvi, sofa tena. Mji wenyewe uko nje ya dirisha. Anayetaka kuuona na atazame "T-Junction" ya Amil Shivji, ya mwaka 2017. Msichana aliyefiwa na baba asiyemfahamu vizuri anakutana hospitalini na msichana mwingine, naye anamsimulia habari za wachuuzi wa njia panda na jinsi walivyofukuzwa. Mwendo wake ni wa polepole, na wapo watakaoguna. Lakini foleni ya hospitali ile kila mkazi wa Dar es Salaam ameikaa.

Nisiisahau "Maangamizi" ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyopelekwa kuwakilisha Tanzania katika Oscar ya mwaka 2001. Daktari Mmarekani Mweusi anakuja kutibu wagonjwa wa akili, anakutana na mwanamke aitwaye Samehe, ambaye amekaa kimya kwa miaka mingi. Filamu nzima ni kungoja aseme. Mambo ya mizimu yamenichanganya kidogo, lakini kimya cha mama yule kina uzito ambao milipuko ya Hollywood haina.

Sasa tuko baharini. Unguja ilipigwa picha ya aibu katika "Africa Addio" ya Waitalia Jacopetti na Prosperi, ya mwaka 1966, ambao waliruka juu ya kisiwa wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964 na kuwapiga picha watu katika saa zao za mwisho. Picha zile ni ushahidi wa kihistoria, na ni vigumu kuzikanusha. Maelezo yaliyoambatanishwa nazo ni dharau kwa Mwafrika mwanzo hadi mwisho. Waliokufa wameonekana kwa mbali, toka angani, wadogo kama sisimizi; jina la hata mmoja halikutajwa. Sipendekezi itazamwe nyumbani.

Badala yake ipo "Vuta N'Kuvute", ya Shivji huyo huyo, kutoka katika riwaya ya Adam Shafi, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ni Unguja ya miaka ya 1950 chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anatoroka, anahifadhiwa na rafiki yake Mwajuma, na anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru. Waliosoma kitabu watalalamika kwamba mengi yameachwa, na wana haki; Yasmin wa kitabuni ana safari ndefu kuliko huyu. Kilichopatikana ni uchochoro wenyewe, mwanga wa kibatari juu ya ukuta wa chokaa, ngoma na taarabu, na Kiswahili cha Unguja kinachosemwa na wenyewe kwa mwendo wao, bila kumngoja mgeni aelewe. Mwingereza yumo pia, na safari hii yeye ndiye aliyesimama nyuma.

Msafiri atakayefika Mji Mkongwe apite na jengo la Majestic, lililojengwa upya katika miaka ya 1950 baada ya sinema ya awali ya Royal kuungua. Kisha, akiwa na jamaa zake wakubwa kwa wadogo, aitafute filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude, "As Old as My Tongue". Aliyeitengeneza ni mgeni kama Hawks, tena filamu yenyewe ni ya gharama ndogo. Lakini hapa bibi ndiye anayeongoza. Anapiga ngoma, anavuta sigara yake, anaimba taarabu na unyago, anawakatiza vijana wanaojifanya kumtunza. Hakuna aliyeujua umri wake kwa hakika hadi alipofariki mwaka 2013, na akiulizwa na kamera anajibu apendavyo.